Kabla ya Kuwa Hiki, Kilikuwa Nini? Historia ya Kusaka Chimbuko la Vimeng'enya na Kromosomu

Mwaka 1897 mkemia Mjerumani Eduard Buchner alichapisha makala iliyomaliza ubishi wa miongo mingi. Alichukua hamira, akaichanganya na mchanga na udongo laini, akaisaga kwenye kinu mpaka seli zake zikapasuka. Kisha akaufunga ule ujiuji kwa kitambaa kizito na kuukamua kwa mashine ya kugandamiza. Maji yaliyotoka hayakuwa na seli iliyo hai. Ili yasiharibike upesi akayatia sukari nyingi. Haukupita muda, yakaanza kutoa mapovu. Sukari ilikuwa inageuka kuwa alkoholi na hewa ya ukaa, na hapakuwa na kiumbe chochote cha kuifanya kazi hiyo.

Louis Pasteur na wafuasi wake walikuwa wameshikilia kwamba kuchachuka ni kazi ya seli iliyo hai na kamili. Buchner alionyesha kwamba kazi ile hufanywa na kitu kilichomo ndani ya seli, kitu kinachoweza kutolewa nje na bado kikaendelea na shughuli zake. Kitu hicho ndicho kimeng'enya. Mwaka 1907 Buchner alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Jibu lake lilizaa swali zito zaidi, kwa sababu uwezo wa vimeng'enya unashangaza. Mwaka 1995 Mmarekani Richard Wolfenden na mwenzake walitoa vipimo vya mmenyuko mmoja ambao seli huuhitaji ili kuunda malighafi ya DNA na RNA. Ukiachwa ujiendee wenyewe, nusu ya dutu ingechukua takriban miaka milioni 78 kubadilika. Kimeng'enya chake huumaliza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kitu chenye uwezo wa namna hiyo kiliwezaje kutokea kidogo kidogo? Nusu ya kimeng'enya ina faida gani? Historia hii ni ya watu waliolipeleka swali hilo maabara na kuligeuza liwe swali linalopimika: kabla ya kuwa hiki, kilikuwa nini?

Nyuzi zilizokolea rangi

Miaka kama kumi na mitano kabla ya Buchner, mjini Kiel, Walther Flemming alikuwa ameinamia hadubini akitazama seli za mabuu ya salamanda, mnyama wa kundi la amfibia ambaye seli zake ni kubwa. Alizitia rangi za kemikali zilizokuwa zimeanza kutengenezwa viwandani, na ndani ya kiini cha seli zikajitokeza nyuzi zilizokolea rangi. Seli ilipokaribia kugawanyika aliziona nyuzi zikifupika na kunenepa, zikipasuka kwa urefu, kisha nusu moja ikienda upande huu na nyingine upande ule. Kitabu chake kilitoka mwaka 1882. Jina la kromosomu lilikuja mwaka 1888 kutoka kwa Wilhelm Waldeyer.

Mwaka 1902 na 1903 Walter Sutton, aliyechunguza seli za panzi, na Theodor Boveri, aliyechunguza mayai ya viumbe wa baharini, walifika kila mmoja kwa njia yake kwenye hitimisho moja: nyuzi hizo ndizo zinazobeba urithi. Kuanzia mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake huko New York walitumia nzi wa matunda kuonyesha kwamba jeni zimepangwa kwa mstari juu ya kromosomu, kila moja na mahali pake.

Upande wa vimeng'enya, James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu aliyepoteza mkono wa kushoto alipokuwa kijana, alihangaika kwa miaka tisa na aina moja ya maharage mpaka mwaka 1926 akapata fuwele safi za kimeng'enya kiitwacho ureasi. Fuwele zile zilikuwa protini. Mwaka 1941 George Beadle na Edward Tatum wakaziunganisha habari hizi mbili. Waliupiga ukungu wa mkate kwa miali ya eksirei, wakakuza mbegu zake moja moja wakitafuta iliyoshindwa kujitengenezea mahitaji yake. Namba 299 ilishindwa kutengeneza vitamini B6. Jeni moja ilikuwa imeharibika, na kazi moja ya kemia ikasimama. Jeni ilikuwa agizo la kutengeneza kimeng'enya.

Baada ya James Watson na Francis Crick kueleza umbo la DNA mwaka 1953, tatizo lilionekana waziwazi. DNA hainakiliwi bila vimeng'enya, na vimeng'enya havitengenezwi bila maagizo ya DNA. Kila kimoja kinamtaka mwenzake awe ametangulia. Kwa aliyetaka kusema kwamba hatua ndogondogo haziwezi kueleza jambo hili, hapa ndipo palikuwa mahali pake.

Mrija wa kulinganishia

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Carl Woese, Francis Crick na Leslie Orgel walitoa wazo: pengine zamani RNA, ndugu wa DNA, ilibeba urithi na pia ikafanya kazi za vimeng'enya. Lilikuwa wazo tu, bila ushahidi.

Ushahidi ulikuja bila kutafutwa. Huko Boulder, Colorado, Thomas Cech na wenzake walikuwa wakichunguza Tetrahymena, kiumbe wa seli moja anayeishi kwenye maji ya madimbwi. RNA yake fulani hutengenezwa ikiwa na kipande cha ziada katikati, ambacho hukatwa na ncha mbili zilizobaki zikaungwa. Cech alitaka kukinasa kimeng'enya kinachofanya ukataji huo. Katika mrija mmoja walitia RNA pamoja na dutu kutoka kwenye viini vya seli. Katika mwingine, wa kulinganishia, hawakutia dutu hiyo. Mrija wa pili haukutakiwa kuonyesha lolote, lakini kipande kilikatwa humo pia.

Walidhani kuna protini iliyong'ang'ania kwenye RNA. Wakaichemsha, wakaitia sabuni kali, wakaitia vimeng'enya vinavyosaga protini. Ukataji uliendelea. Mwishowe waliitengeneza RNA ileile kwa njia nyingine, isiyopitia kabisa kwenye seli ya Tetrahymena, nayo ikajikata na kujiunga yenyewe. Taarifa yao ilitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Sidney Altman wa Yale na wenzake walionyesha kwamba katika kimeng'enya kimoja cha bakteria chenye sehemu ya RNA na sehemu ya protini, anayekata ni RNA. Cech na Altman waligawana Nobel ya Kemia mwaka 1989. Mwaka 1986 Walter Gilbert alikuwa ameshaupa jina wakati ule wa kale: ulimwengu wa RNA.

Mabaki ya ulimwengu huo tunatembea nayo. Mwaka 2000 kundi la Thomas Steitz na Peter Moore lilipoichora ribosomu, mtambo unaounganisha protini katika kila seli hai, lilikuta kwamba mahali hasa pa kuunganishia pamezungukwa na RNA tupu. Protini zimekaa pembeni. Anayetengeneza vimeng'enya vyote vya protini ni kimeng'enya cha RNA. Tena, visaidizi vingi ambavyo vimeng'enya vya leo haviwezi kufanya kazi bila hivyo, kama vile NAD ambayo mwili huiunda kwa vitamini B3, vina kipande chenye umbo la kiungo cha RNA, ingawa kazi yao haikihitaji.

Na hatua ndogondogo je? Mwaka 1993 David Bartel na Jack Szostak walianza na mchanganyiko wa zaidi ya molekuli trilioni elfu moja za RNA zilizopangwa kiholela. Waliteua zile chache zilizoweza, japo kwa udhaifu, kuunga kipande kingine cha RNA, wakazinakili kwa makosa kidogo, wakateua tena. Baada ya mizunguko kumi walikuwa na vimeng'enya vya RNA vinavyoharakisha mmenyuko huo mara milioni saba. Mwaka 2009 John Sutherland na wenzake wa Manchester walionyesha kwamba viungo viwili kati ya vinne vya RNA vinaweza kuundwa kutokana na kemikali sahili, bila kimeng'enya chochote. Utafiti wa chimbuko lenyewe unaendelea, lakini lile duara la DNA na protini limeshapata mlango wa kuingilia.

Jeni yenye pacha

Ulimwengu wa protini ulipokuja, vimeng'enya vipya vilitoka wapi? Jibu lilianzia kwenye jicho la nzi. Nzi wengine wa matunda huzaliwa na jicho jembamba kama ufito. Mwaka 1936 Calvin Bridges alizitazama kromosomu za nzi hao, zile nene za tezi za mate ambazo mistari yake huhesabika kwa hadubini, akaona kwamba kipande kizima kimejirudia, nakala ikifuatana na nakala. Hermann Muller aliona jambo hilohilo. Kromosomu huweza kurefuka kwa makosa ya kunakili, na makosa hayo hurithiwa.

Aliyeifanya habari hii kuwa nadharia kamili ni Susumu Ohno, mzaliwa wa Seoul wa wazazi Wajapani, mpenzi wa farasi aliyesomea mifugo kabla ya kuhamia California. Kitabu chake cha mwaka 1970 kilieleza kwamba jeni moja yenye kazi muhimu imefungwa mikono, kwa kuwa kila badiliko kubwa huua. Ikijirudufu, nakala moja huendelea na kazi ya zamani na nyingine hupata nafasi ya kubadilika. Mkulima mwenye jembe moja halipeleki kwa mhunzi likafuliwe kuwa panga. Mwenye mawili anaweza.

Kongosho letu linathibitisha maneno ya Ohno. Linatoa tripsini, kimotripsini na elastasi, vimeng'enya vitatu vinavyosaga protini ya nyama na maharage tunayokula. Umbo lao ni moja, na vyote hukata kwa viungo vitatu vilevile vya protini, yaani asidi amino, vilivyokaa mahali palepale. Tofauti iko kwenye mfuko mdogo unaoshika chakula: ndani ya mfuko wa tripsini kuna asidi amino yenye chaji hasi, na mahali hapohapo kwenye kimotripsini kuna nyingine isiyo na chaji, hivyo kila kimoja hukata mahali pake. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba kubadili mfuko peke yake hakutoshi kugeuza tripsini kuwa kimotripsini. Lazima na vitanzi vya juu ya protini vibadilike. Hatua zilikuwa kadhaa. Ndugu mwingine wa ukoo huu, trombini, ndiye anayegandisha damu kwenye jeraha.

Ukoo huo ulifika mpaka kwenye barafu. Samaki wa bahari ya Antaktika huishi kwenye maji ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri na damu yao haigandi, kwa sababu ina protini inayozuia chembe za barafu zisikue. Mwaka 1997 Liangbiao Chen, Arthur DeVries na Chi-Hing Cheng walifuatilia jeni ya protini hiyo, wakakuta mwanzo na mwisho wake ni wa jeni ya tripsini ya kongosho. Kipande kidogo cha katikati, chenye asidi amino tatu tu, kilikuwa kimejirudia mara nyingi na kuwa protini mpya.

Kazi mpya mbele ya macho yetu

Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935. Haikuwepo duniani kabla ya hapo, wala mabaki ya kiwandani yanayotokana nayo. Hata hivyo mwaka 1975 Shinichi Kinoshita na wenzake nchini Japani walieleza habari za bakteria waliokuwa wakiishi kwa kula mabaki hayo kwenye maji taka ya kiwanda. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kimojawapo cha vimeng'enya vyao kina pacha ndani ya bakteria huyohuyo. Pacha huyo hukata mabaki ya nailoni kwa uwezo wa takriban 1/200 tu. Watafiti walipobadili asidi amino mbili kati ya karibu 400, uwezo wake ulipanda hadi kukaribia wa mwenzake. Wote wawili wana umbo la ukoo wa vimeng'enya vinavyokata dutu nyingine kabisa. Haikuwepo nusu ya kimeng'enya. Kilikuwepo kimeng'enya kizima chenye kazi yake, ambacho kwa bahati kiliigusa kazi mpya kwa udhaifu, na udhaifu huo ukatosha kuwa mwanzo.

Huko Marekani, Richard Lenski alianza mwaka 1988 kukuza bakteria wa E. coli katika chupa 12, akihamisha sehemu yao kila siku na kugandisha sampuli kwa ajili ya kumbukumbu. Chakula chao kilikuwa na sitrati, ambayo E. coli hawezi kuitumia penye oksijeni. Baada ya takriban vizazi 31,500 bakteria wa chupa moja walianza kuila. Taarifa ya mwaka 2012 ilieleza kilichotokea: kipande cha kromosomu kilijirudufu, na jeni ya kuingiza sitrati ikakaa karibu na swichi inayowaka penye oksijeni. Walipozirudia sampuli za zamani na kuzikuza upya, zile za vizazi vya mwanzo hazikufika huko; za baadaye zilifika. Mabadiliko mengine madogo yalikuwa yametangulia kuandaa njia.

Habari hii ina ukurasa wake Afrika Mashariki. Watu wengi duniani wakishaachishwa ziwa hupunguza laktasi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Walinyweshwa sukari hiyo, kisha sukari kwenye damu yao ikapimwa. Kwa wengi wa walioimudu utu uzimani, hasa miongoni mwa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya, herufi moja ya DNA ilikuwa imebadilika katika eneo linaloiwasha jeni ya laktasi. Ni herufi tofauti na ile ya Wazungu, na ilienea katika kipindi cha takriban miaka 7,000 ya ufugaji. Badiliko la herufi moja, penye ng'ombe na kiu, lilitosha kubadili maisha.

Kromosomu nazo zina wazee wao

Seli moja ya binadamu ina DNA ya urefu wa karibu mita 2. Hukaa ndani ya kiini kwa kuzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na mpangilio huo ulichorwa kwa undani mwaka 1997 na Karolin Luger na wenzake. Bakteria wengi hawana histoni. Kromosomu yao kwa kawaida ni duara moja. Basi histoni zilitoka wapi? Mwaka 1990 kundi la John Reeve wa Ohio lilizikuta kwa kiumbe wa seli moja asiye na kiini, wa kundi la arkea, aliyetoka kwenye chemchemi ya maji moto ya Iceland. Ni fupi, hazina mikia ya histoni zetu, lakini mwaka 2017 ilidhihirika kwamba huizungusha DNA kwa mpindo uleule. Kifungashio kilikuwepo kabla ya kiini.

Kromosomu zetu ni nyuzi zenye ncha, na ncha huchakaa kila zinaponakiliwa. Elizabeth Blackburn na Carol Greider, wakitumia tena Tetrahymena, waligundua mwaka 1984 kimeng'enya kinachorefusha ncha hizo, yaani telomerasi. Hicho nacho kimebeba RNA ndani yake, na mwaka 1997 kundi la Cech lilionyesha kwamba sehemu yake ya protini ni ndugu wa vimeng'enya ambavyo virusi kama VVU hutumia kugeuza RNA kuwa DNA. Chombo cha kutunza ncha za kromosomu kina jamaa wenye shughuli nyingine kabisa.

Idadi ya kromosomu pia hubadilika kwa hatua. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walihakikisha kwamba binadamu ana 46, baada ya zaidi ya miaka 30 ya vitabu kuandika 48. Sokwe na gorila wana 48. Mwaka 1991 watafiti walipoisoma DNA ya katikati ya kromosomu namba 2 ya binadamu, walikuta herufi za ncha mbili zikitazamana: kromosomu mbili za wahenga ziliungana kuwa moja, na alama za ncha zake bado zipo mahali zilipoungana.

Wapo wanaouliza aliyezaliwa wa kwanza na kromosomu zilizoungana alizaaje. Jibu linatembea kati yetu. Takriban mtu 1 kati ya 1,000 ana kromosomu mbili zilizoungana, kwa hiyo ana 45, na wengi wao wana afya njema na watoto bila kujua. Linatembea pia mbugani. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, punda milia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia 46, punda milia wa kawaida 44, na punda milia wa milimani wa kusini mwa Afrika 32. Huko Laikipia, Kenya, watafiti wamethibitisha kuwepo kwa mahuluti wa punda milia wa Grevy na wa kawaida, na mahuluti hao nao wamezaa. Tofauti ya 46 na 44 haikuwazuia.

Tangu Buchner mpaka Laikipia, matokeo yamekuwa ya namna moja. Katika mifano hii, ilipodaiwa kwamba kitu fulani hakiwezi kuwa na mtangulizi, mtangulizi alitafutwa na akapatikana, mara nyingi yu hai bado na anafanya kazi nyingine. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ya kwamba jambo fulani haliwezekani kwa sababu hatujaweza kulifikiria. Shuleni vijana wetu hukariri majina ya vimeng'enya na idadi ya kromosomu kwa ajili ya mtihani, kisha huishia hapo. Walimu, wasimulieni na historia yake. Mpangilio wa DNA ya binadamu, ya farasi na ya maelfu ya bakteria umewekwa wazi kwenye intaneti bila malipo, na mwanafunzi wa Mwanza au Mombasa anaweza kulinganisha leo tripsini yake na ya ng'ombe, herufi kwa herufi, akaliuliza swali lilelile na kupata jibu kwa macho yake mwenyewe.